Ampea 110 za Kwenye Karatasi: Mwongozo Kamili wa Kusoma Datashiti na Kupima Pisi Kabla ya Kuilehemu

"Lakini fundi, datashiti inasema ampea 110."

Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi kwenye meza yangu hapa Kaloleni, Arusha, mpaka siku hizi mtu akianza na "lakini fundi" namalizia mwenyewe. Anayeisema huwa ameshika inveta iliyoungua, au amplifaya, au chaja ya pikipiki aliyoiunda kwa mikono yake. Si mvivu huyo. Kasoma datashiti, yaani karatasi ya kiwanda inayoeleza uwezo na mipaka ya pisi (kipande kimoja cha elektroniki). Shida ni pale alipoishia kusoma.

Shida zenyewe ni tatu, na kila moja ina dawa yake. Karatasi inasema kweli, ila kwa masharti ambayo wewe huna. Au karatasi si ya pisi uliyoshika. Au pisi yenyewe imevalishwa jina la mwenzake. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukikimbilia kupima kabla hujajua karatasi inaahidi nini, namba utakayoipata haitakuambia chochote.

## Andaa vifaa kwanza

- Multimita ya kidijitali yenye skeli ya milivolti 200. Ikiwa na kipimo cha kapasita na cha Hz, bora zaidi.
- Betri ya volti 12 iliyojaa. Ya pikipiki inatosha, hata ya UPS.
- Fyuzi ya ampea 10 pamoja na kishikio chake.
- Balbu ya taa kubwa ya gari, H4, wati 55/60. Iliyokatika upande mmoja inafaa, na kwa mafundi wa magari utaipata bure.
- Resista ya simiti ya ohmu 0.1, wati 5. Pia resista ndogo mbili, moja ya ohmu 100 na nyingine ya kilo-ohmu 10.
- Betri kavu 3 za tochi kwenye kishikio chake.
- Mizani ndogo ya kidijitali, kama ile ya masonara.
- Asetoni, yaani dawa ya kufutia rangi ya kucha, na pamba.
- Miwani ya kukinga macho.
- Daftari. Usiruke hiki, utaona sababu mwishoni.

Kile kidude kidogo chenye skrini na soketi ya mkono wa kubana, kinachotambua transista na mosfeti (transista inayofunguliwa kwa volti), kinarahisisha kazi. Lakini bila hicho bado utafika.

## Hatua ya 1: Tafuta datashiti ya kiwanda chako, si ya jina linalofanana

Namba iliyo kwenye pisi si ya kiwanda kimoja. Viwanda vingi hutengeneza pisi ya jina lilelile, na kila kimoja kina karatasi yake. Tazama nembo kwenye pisi, kisha tafuta karatasi ya nembo hiyo, pamoja na herufi zote za mbele na za nyuma ya namba.

Mfano unaoumiza wanafunzi kila mwaka ni transista ya 2N2222 ya plastiki. Ishike upande bapa ukikutazama, miguu ikiwa chini. Ukiwa na PN2222A, kutoka kushoto unapata E, B, C (emita, besi, kolekta). Ukiwa na P2N2222A, kutoka kushoto unapata C, B, E. Tofauti ni herufi moja iliyosimama mahali pengine, na miguu imegeuka.

Ubaya ni kwamba ukiiweka kinyume haiungui. Inafanya kazi kivivu: inakuza kidogo sana, rilei inavuta leo na kesho inagoma, nawe unatafuta kosa kwenye programu wiki nzima. Kwa hiyo transista ndogo yoyote ipime miguu kwa skeli ya dayodi kabla ya kuiamini picha. B ndiyo inayosoma kwa miguu yote miwili. E na C hutofautiana kidogo: upande wa E kwa kawaida usomaji huwa juu kwa milivolti chache.

Kwenye mchoro tafuta pia maneno "top view" au "bottom view". 2N3055 ya chuma mara nyingi huchorwa ikitazamwa kwa chini. Wengi huichora kwenye bodi kana kwamba inatazamwa kwa juu, na B na E zinabadilishana.

Mwisho wa karatasi za viwanda vikubwa kuna orodha ya masahihisho. Isome kabla ya kitu kingine. Kiwanda kikikosea mchoro wa miguu au kipimo, hapo ndipo kinapokiri, kwa herufi ndogo na bila kelele.

## Hatua ya 2: Ruka ukurasa wa kwanza

Ukurasa wa kwanza ni tangazo. Umeandikwa na watu wa kuuza. Nenda moja kwa moja kwenye jedwali.

Kuna majedwali mawili ambayo watu huyachanganya. "Absolute Maximum Ratings" ni mpaka wa kifo: ukiugusa, kiwanda hakidaiwi. Si mahali pa kufanyia kazi. Mahali pa kufanyia kazi ni "Recommended Operating Conditions", na lisipokuwepo jedwali hilo, ni lile la "Electrical Characteristics".

Jaribio dogo la akili: chukua IRF3205, mosfeti inayopendwa kuliko zote kwenye inveta za hapa kwetu. Jedwali la kifo linasema volti 55, ampea 110, wati 200. Zidisha volti kwa ampea mwenyewe. Unapata wati 6,050. Mwili wa plastiki wenye ukubwa wa ukucha wa dole gumba hauwezi kubeba hizo, na karatasi yenyewe inakuambia mwisho ni 200. Maana yake mipaka hiyo mitatu haiguswi kwa pamoja. Kila mmoja umeandikwa kana kwamba mingine imelala.

## Hatua ya 3: Soma safu ya masharti, kisha herufi ndogo za chini

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo usiwe na haraka.

Kila namba kwenye jedwali ina safu ya "Conditions" pembeni yake. Namba bila sharti lake ni kama bei bila kujua ni ya kilo au ya gunia.

Chukua IRFZ44N. Watu husoma VGS(th), yaani volti kati ya mguu wa G (geti) na S (sosi) ambapo mosfeti inaanza kufunguka, kuwa volti 2 hadi 4, wanasema "safi, Arduino (bodi ndogo ya programu) inatoa 5, itafunguka". Sasa soma sharti: ID, yaani mkondo wa mguu wa D (dreni), ni mikroampea 250. Yaani kwenye volti hizo mosfeti inapitisha robo ya miliampea. Hiyo haiwashi hata taa ndogo ya kiashirio vizuri. Ni namba ya mlango kuanza kulia bawaba, haujafunguka bado.

Namba ya mlango kufunguka ni RDSon, yaani ukinzani kati ya D na S mosfeti ikiwa imefunguka, ambayo ni miliohmu 17.5. Sharti lake: VGS ni volti 10. Kwenye volti 5 karatasi hiyo haikuahidi kitu. Ukitaka kuendesha mosfeti kwa volti 5 au 3.3, tafuta ambayo kwenye safu ya masharti ya RDSon imeandikwa VGS volti 4.5 au chini ya hapo. Usikubali neno la muuzaji wala la kichwa cha habari. Likubali jedwali peke yake.

Kisha tazama safu tatu: "Min", "Typ", "Max". "Typ" ni pisi ya wastani waliyoipima kiwandani siku njema. Hawakukuahidi kwamba ya kwako itakuwa hivyo. Hesabu zako fanya kwa "Max" au "Min", yoyote iliyo mbaya zaidi kwako. Ukikuta "Typ" imejazwa na "Max" ni tupu, hapo hakuna ahadi kabisa. Michoro ya mistari nayo, karibu yote, ni ya "Typ".

Herufi ndogo: zile ampea 110 za IRF3205 zina kialama pembeni. Ukikifuata mpaka chini unakuta kwamba namba imepigiwa hesabu kutokana na joto tu, na kwamba mwili wenyewe wa pisi unaishia ampea 75. Kiwanda hakikudanganya. Kimeandika. Ila kimeandika mahali ambapo mwenye haraka hafiki.

Sharti baya kuliko yote ni Tc = 25 °C. "c" hapo ni mgongo wa chuma wa pisi, si hewa ya chumbani. Wanasema: ukiweza kuushikilia mgongo kwenye digrii 25 huku wati 200 zikipita, utapata ampea hizo. Hata ukiipandisha Kibo ukaifukia kwenye barafu hutaweza.

Umeimaliza hatua hii kama unaweza kuandika kwenye daftari sentensi moja ya namna hii: "RDSon miliohmu 8, kiwango cha juu, kwa VGS volti 10, kwa 25 °C." Ikikosekana sehemu moja, rudi kwenye jedwali.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya joto kwa hewa yako

Tafuta kwenye karatasi mstari wa "Junction-to-Ambient". Unakuambia bila hitisinki (bati la kupozea) pisi itapanda digrii ngapi kwa kila wati moja. IRF3205 ni 62. L7805 (regyuleta ya volti 5) ya umbo hilohilo, kwa kiwanda kimoja kikubwa, ni 50.

Chukua joto la ndani ya kasha, si la nje. Moshi mwezi wa pili, kasha la inveta chini ya bati, mimi huandika 40. Arusha mwezi wa saba asubuhi ungeweza kuandika 20, lakini hutengenezi kifaa cha mwezi wa saba peke yake.

Tuanze na chaja ya simu ya pikipiki. Pikipiki inatoa volti 14.4, 7805 inatoa 5, tofauti ni 9.4. Kiini cha 7805 kinaishia digrii 125. Nafasi iliyobaki ni 125 toa 40, yaani 85. Gawa kwa 50, unapata wati 1.7. Gawa kwa volti 9.4: ampea 0.18. Regyuleta iliyoandikwa ampea 1.5, ikisimama bila hitisinki kwenye pikipiki, inabeba chini ya ampea 0.2. Ikizidishiwa inajizima, inapoa, inawaka tena. Ndiyo maana simu ya bodaboda inaonyesha alama ya chaji, inapotea, inarudi, toka stendi mpaka Ngaramtoni.

Sasa mosfeti. Mwaka jana kijana mmoja kutoka Pasua, Moshi, aliniletea inveta ya wati 500 aliyoijenga kwa IRF3205 mbili, moja kila upande, zimesimama wima bila hitisinki. Alikuwa amepiga hesabu kabisa, kwenye karatasi safi: 110 mara 2, mara volti 12, sawa na wati 2,640. "Nimeacha nafasi mara tano, kaka." Ilibeba taa mbili mwezi mzima. Siku mama yake alipochomeka blenda, ikatoa mlio mmoja na harufu.

Tukakaa tukahesabu upya. Wati 500 kwenye betri ya volti 12, pamoja na upotevu, ni karibu ampea 50. RDSon ni miliohmu 8 ikiwa baridi. Ikichemka, mchoro wa karatasi unaonyesha inapanda kuelekea maradufu, kwa hiyo andika 16. Ampea 50 mara 50 mara 0.016 ni wati 40, na kwa kuwa kila upande unafanya kazi nusu ya muda, ni wati 20 kwa kila pisi. Mara 62 unapata digrii 1,240. Shaba huyeyuka kwenye 1,085. Kijana alicheka, halafu akanyamaza.

Bila hitisinki, kwa kasha la digrii 40 na kiini kisichozidi 125, IRF3205 inabeba wati 1.37, ambazo ni ampea 9 hivi. Toka 110 mpaka 9, na hakuna aliyeandika uongo.

## Hatua ya 5: Kagua pisi kwa macho, asetoni na mizani

Baada ya kuijua karatasi, sasa tuitazame pisi. Hatua hii ni fupi.

Lowesha pamba kwa asetoni, sugua maandishi mara kumi. Maandishi ya leza hayatoki. Yakitoka, au uso mweusi ukiacha rangi kwenye pamba na chini yake kukaonekana mikwaruzo, pisi hiyo imesuguliwa ikaandikwa upya. Angalizo: kuna viwanda halali vinavyotumia wino, kwa hiyo kutoka kwa wino peke yake si hukumu. Mikwaruzo chini yake ndiyo hukumu. Na asetoni inashika moto upesi, iweke mbali na chuma cha kulehemia.

Pima uzito. Linganisha na pisi uliyoitoa kwenye kifaa cha zamani cha kiwandani. Transista kubwa za amplifaya, 2SC5200 na 2SA1943, ni miongoni mwa zinazoigizwa sana, na bandia mara nyingi ni nyepesi kwa sababu bamba la shaba la mgongoni ni jembamba.

Betri za lithiamu za 18650 nazo ziweke kwenye mizani. Nzima huwa na gramu 45 hivi, na seli nzuri huwa kati ya mAh 2,000 na 3,600. Iliyoandikwa 9,900 huna haja ya kuipima. Lebo imeshajibu.

## Hatua ya 6: Ipime ikiwa inafanya kazi

Hiki ndicho kipimo ambacho hakidanganyiki kirahisi. Tunatumia mosfeti kama mfano kwa sababu ndiyo inayounguza watu wengi.

Kwanza, G kwa S. Shika miguu ya D na S pamoja kwa klipu, pima kapasita kati yake na G. Karatasi ya IRF3205 inaandika Ciss (kapasita ya upande wa G) karibu nanofaradi 3.2, ya IRFZ44N karibu 1.5, zote zikiwa zimepimwa kwa volti 25 kati ya D na S. Mita yako inapima bila volti hizo, kwa hiyo inatakiwa isome zaidi ya karatasi. Ikisoma pungufu, na hasa ikiwa nusu, kipande cha silikoni kilichomo ndani ni kidogo kuliko jina lake. Transista ya amplifaya unaipima vivyo hivyo kati ya B na E, ukilinganisha na nzima.

Pili, balbu. Unga hivi: chanya ya betri, fyuzi, balbu ya H4, mguu wa D. Kutoka S, resista ya ohmu 0.1, kisha hasi ya betri. Resista ya kilo-ohmu 10 iwe kati ya G na S muda wote, ili mosfeti isijifungue yenyewe. Resista ya ohmu 100 iunge kwenye G, ncha yake nyingine ndiyo utakayogusisha kwenye chanya ya betri.

Vaa miwani. Balbu igeuze uso kutoka kwako, inapofusha na inaunguza. Usiweke betri juu ya meza ya chuma.

Gusisha. Taa iwake nyeupe kabisa. Upesi, pima volti kwenye resista ya ohmu 0.1. Ukisoma 0.46, mkondo ni ampea 4.6. Sasa hamishia mita kwenye D na S, skeli ya milivolti, ncha ziguse miguu karibu kabisa na mwili wa pisi. Ukigusa mbali unapima waya wako, si mosfeti.

Gawa milivolti kwa ampea, unapata miliohmu. Kwa ampea 4.6, IRF3205 ya kweli isizidi milivolti 37 ikiwa baridi. IRFZ44N isizidi 80. Soma ndani ya sekunde chache za mwanzo, kabla haijapata joto.

Nilinunua pisi 20 zilizoandikwa IRF3205 kwenye duka moja hapa mjini, bei ya kuvutia mno. Kumi na tisa zilisoma kati ya milivolti 79 na 86. Piga hesabu: kati ya miliohmu 17 na 19. Kapasita nayo ilikuwa ya chini. Zilikuwa mosfeti nzima kabisa, za daraja la Z44, zimepewa jina la kaka yao. Sikuzitupa. Nilizitumia kwenye taa za LED za bajaji, na mpaka leo zinawaka. Ya ishirini ilikuwa imekufa.

Tatu, volti ya chini. Ondoa G kwenye chanya ya betri. Chukua betri kavu 3, volti 4.5, hasi yake kwenye S, gusisha chanya yake kwenye ile resista ya ohmu 100 kwa sekunde mbili tu, usizidishe. Jaribu pisi tano za IRFZ44N za mfuko mmoja. Huenda moja ikawasha taa nyeupe, nyingine ikaiwasha nyekundu kama kaa la jikoni. Zote tano ni halali, maana karatasi ilisema 2 mpaka 4. Ile ya taa nyekundu inachemka sana wakati huo, ndiyo sababu ya sekunde mbili. Mtu akiona kwa macho taa ile nyekundu, sihitaji kumweleza tena habari za Hatua ya 3.

Kwa bodi ndogo za kushushia volti za LM2596, kipimo ni kingine. Ikiwa mita yako inasoma Hz mpaka kilo 200, pima mguu wa 2 bodi ikiwa na mzigo. Karatasi inasema kilohezi 150, na mipaka yake kwa joto la kawaida ni 127 mpaka 173. Ukisoma karibu 50, umeuziwa chipu ya kizazi cha nyuma iliyoandikwa upya. Itafanya kazi, ila koili na kapasita zilizomo zilipigiwa hesabu ya 150, kwa hiyo usiipe ampea 3.

## Hatua ya 7: Vihisi vya joto, na maji ya Arusha

Mama mmoja wa Tengeru alinijia na mashine ya kutotolesha. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. "Mwanangu, mayai 60, vifaranga 11. Na kidude kinaandika 37.5 saa zote."

Nilifungua. Ndani kulikuwa na kihisi cha DHT11. Karatasi yake inakiri yenyewe kwamba inaweza kukosea digrii 2 juu au chini. Kwa kujua kama chumba kina joto, inatosha. Kwa yai, digrii 2 ni msiba. Skrini ilikuwa inaandika desimali ambayo kihisi hakina.

Tukaweka kihisi cha DS18B20 chenye mfuniko wa chuma. Karatasi inaahidi nusu digrii, kati ya −10 na 85. Lakini pisi nyingi sokoni ni nakala, kwa hiyo usiishie kwenye ahadi:

Jaza chupa ya chai barafu iliyopondwa na maji kidogo, koroga, subiri dakika tano. Isome 0, ikikosea isizidi 0.5.

Kisha kikombe cha maji ya vuguvugu, kihisi pamoja na kipimajoto cha homa cha duka la dawa, ncha zikigusana, ukikoroga. Kipimajoto cha homa kimetengenezwa kuwa sahihi hapohapo kwenye 37 na 38, ambapo ndipo yai linapoishi. Andika tofauti, uiingize kwenye programu.

Usitumie maji yanayochemka kama kipimo cha 100. Arusha ipo mita 1,400 hivi juu ya bahari, na maji yanachemka karibu digrii 95. Moshi, ambako ni chini zaidi, ni karibu 97. Nimeona watu wakitupa vihisi vizima kwa sababu "vinasoma 95 kwenye maji yanayotokota". Hapa mjini, kitakachosoma 100 ndicho cha kutupa.

Na kikisoma 85 kamili bila kutikisika, hakijapima bado. Hiyo ndiyo namba kinayoanza nayo kikiwashwa. Angalia nyaya, na tumia nyaya zote tatu, kwa kuwa nakala nyingine hazifanyi kazi kwa mbili.

## Hatua ya 8: Kapasita, kwa kifupi

Ya mafuta (elektrolitiki) iliyoandikwa 105 °C, tafuta saa zake. Nyingi ni saa 2,000 kwenye joto hilo. Gawa kwa 24: siku 83. Kila ukipunguza digrii 10, umri unakaribia kuongezeka mara mbili. Kwa hiyo ihamishe mbali na hitisinki, hata kwa sentimita mbili.

Ya kauri ndogo, za X5R hasa, hupimwa bila volti juu yake. Mikrofaradi 10 za volti 16, ukiziweka kwenye laini ya volti 12, zinaweza kubaki chini ya nusu. Multimita haitakuonyesha hilo, maana inapima kwa volti ndogo. Tafuta mchoro wa "DC bias" wa kiwanda. Usipoupata, weka ya volti 50 au yenye umbo kubwa zaidi.

## Hatua ya 9: Daftari na kopo

Kwa kila mfuko mpya pima pisi tatu, si moja. Andika jina lililo juu ya pisi, nembo, duka, tarehe, nanofaradi za G, ampea, milivolti. Mstari mmoja unatosha.

Ukirudi dukani na mstari huo, mazungumzo yanabadilika. Usiende na maneno ya "umeniuzia feki". Nenda na pisi, mita na balbu. Mwenye duka naye kanunua kwenye katoni, mara nyingi hajui. Wawili wameshanibadilishia mfuko mzima, na mmoja sasa ananipa pisi tatu za kupima kabla hajaagiza.

Zilizofeli, kata mguu wa katikati kwa plaisi saa hiyohiyo kabla hujazitia kwenye kopo lake la pembeni. Mimi niliwahi kuziacha nzima, na chalii wangu akazirudisha kwenye boksi la spea akidhani zimedondoka.